Habari Mbaya Imfikie Msimamizi Mapema

Ukitaka kumjua msimamizi wa kazi, usianze na meneja aliyempandisha cheo, wala usiombe kuona cheti chake cha mafunzo ya uongozi. Nenda kwa anayesimamiwa, yule wa chini kabisa, kibarua wa zamu ya usiku au muuguzi aliyeajiriwa juzi, umuulize jambo moja: hapa kazini mkiharibu kitu, bosi wenu anakijua baada ya muda gani? Akijibu, "Tunamwambia hapo hapo," mahali hapo pana msimamizi. Akitazama pembeni kwanza, kisha akasema, "Inategemea na siku alivyoamka," pana mwenye cheo tu.

Sifa za msimamizi bora zimehubiriwa sana kwenye semina. Awe mwadilifu, msikivu, mvumilivu, mbunifu, mwenye maono. Zote njema, sizipingi. Ila mtu aliyekabidhiwa watu kumi na wawili leo asubuhi, ana oda ya kutoa kabla ya saa kumi jioni na mashine moja iko kwa fundi, hawezi kuanza na maono. Anataka kitu cha kushika. Mimi ningemshikisha hiki: jitengeneze uwe mtu ambaye habari mbaya inamfikia mapema, ikiwa bado ndogo na inatibika. Subira, haki, kutunza siri, adabu kwa wakubwa, ujuzi wa kazi, kila moja ya sifa hizo utaijua thamani yake ukiipima hapo.

Chukua laini ya kufungasha juisi, saa nane na nusu usiku. Opereta kijana yuko kwenye mashine inayopiga tarehe. Alipobadilisha wino aliingiza mwaka vibaya, na sasa chupa zinatoka zikionyesha kwamba muda wake wa matumizi ulikwisha zamani. Anashtuka katoni zikiwa zimefika thelathini. Akisimamisha laini, kelele zitakatika, kila mtu atageuka, supavaiza atakuja. Asiposimamisha, anaweza kurekebisha tarehe kimya kimya, akazisukuma zile katoni nyuma ya paleti, akaomba Mungu ziondoke na lori la mkoani. Muda wa kuamua ni mchache, na katika muda huo kijana hafikirii sera ya ubora iliyobandikwa ukutani. Anafikiria uso wa supavaiza. Anakumbuka mwenzake alivyoitwa ng'ombe wiki iliyopita mbele ya akina dada wa kufungasha, kwa kosa la lebo zilizokaa upande.

Kama supavaiza ni wa namna hiyo, zile katoni zitapanda lori. Zitafika dukani, mteja atapiga picha, picha itazunguka kwenye simu, na siku maafisa wa Shirika la Viwango, TBS, watakapobisha hodi, hasara haitakuwa tena ya katoni thelathini. Kama ni wa namna nyingine, kijana atabonyeza kitufe. Msimamizi atafika na maswali mawili: "Zimetoka ngapi? Ziko wapi?" Kabla ya alfajiri chupa zitakuwa zimefutwa na kupigwa tarehe upya. Kosa ni lile lile na kijana ni yule yule. Kilichobadilika ni mtu anayeletewa taarifa.

Ukiangalia mpangilio wa yale maswali utaona pa kuanzia. Sehemu nyingi za kazi swali la kwanza ni "Nani kafanya hivi?" Likitangulia hilo, midomo inafungwa, kila mtu anatafuta mahali pa kujificha, na yule pekee anayejua kilichotokea anakuwa wa mwisho kusema. Anza na nini kimetokea, kimefika wapi, tunakizuiaje kisiendelee. Jina la mtu litakuja lenyewe, mara nyingi kwa mdomo wa mwenyewe, akili za watu zikishatulia. Jizoeze mpangilio huo nyumbani, hata mtoto akivunja sahani, mpaka uwe wa kwanza kukujia mdomoni ukiwa umechoka na mkurugenzi yuko kwenye simu.

Wengine watasema wao wana damu ya moto, ndivyo walivyoumbwa. Haihitaji mtu apoe kama maji ya mtungi. Inahitaji ajue hasira yake inafanya nini, aitafutie mahali. Ukiitwa kwenye tatizo, nenda ukaliangalie tatizo lenyewe kabla hujamwangalia mtu: shika chupa, soma mita, fungua rejesta. Dakika hizo chache zinatosha kuushusha moyo. Kama kuna la kumkemea mtu, lisubiri kazi irudi kwenye mstari, mkae wawili, mlango umefungwa, na useme kosa lilivyo bila kugusa kabila lake, elimu yake wala wazazi wake. Mfanyakazi anaweza kusahau onyo kali. Tusi alilopewa mbele ya wenzake hukaa naye miaka.

Historia yetu ina ushahidi mzito juu ya hilo. Mwaka 1971 chama tawala cha TANU kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu kwa watu anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho kwa mikono miwili. Hadi kufikia 1973 kazi ilikuwa imesimamishwa katika viwanda vingi, na baadhi ya mameneja walifungiwa nje ya lango na watu wao wenyewe. Issa Shivji, aliyeichambua migomo hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1976, alionyesha kwamba malalamiko mengi ya mwanzo hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya jinsi watu walivyosemeshwa na kudhalilishwa kazini. Watu wenye mishahara midogo, wenye watoto wa kulisha, walihatarisha ajira zao kwa sababu ya lugha ya wakubwa. Msimamizi anayedhani lugha ni jambo dogo kwa kuwa "mshahara unalipwa kwa wakati" hajaisikiliza historia hiyo.

Lakini kutotukana peke yake hakumfanyi mtu aseme. Wengi hunyamaza mbele ya wakubwa hata pale ambapo mkubwa hana ubaya wowote, kwa malezi tu. Hapa napenda mfano wa chumba cha upasuaji. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji, katika hospitali nane za nchi mbalimbali. Moja ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto na Manila. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vya waliofanyiwa upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mengi katika orodha hiyo ni ya kitabibu: dawa ya kuzuia maambukizi, kuhesabu vitambaa na vifaa. Moja ni la kibinadamu kabisa. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake, kuanzia daktari bingwa hadi muuguzi wa zamu. Aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja mbele ya daktari hapati shida sana kuitoa mara ya pili, pale anapoona kitambaa kimoja hakijahesabiwa.

Ichukue njia hiyo uipeleke kwenye kikao chako cha asubuhi. Vikao vingi vya kabla ya kazi ni hotuba: bosi anasema, watu wanaitikia, wanatawanyika. Geuza. Kila mmoja aseme neno moja juu ya sehemu yake ya jana: nini kilimkwamisha, kifaa gani kimeanza kuchoka, nani ana upungufu wa nini. Dakika kumi zinatosha kwa watu kumi na wawili. Wiki ya kwanza watasema "kila kitu kiko sawa, bosi." Usikate tamaa na usiwafokee. Siku ya kwanza mtu atakapotaja tatizo la kweli, hata liwe balbu ya chooni iliyoungua, lishughulikie siku hiyo hiyo na kesho asubuhi useme limeishia wapi. Kikundi kizima kitakuwa kinakupima kwa balbu ile. Walioona imewekwa mpya ndio watakaokuletea habari ya waya uliochubuka karibu na maji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya uongozi vya ughaibuni havilisemi, kwa kuwa waandishi wake hawaishi nalo. Kijana wa miaka 27 anatoka chuo, anakabidhiwa karakana yenye mafundi wenye umri wa baba yake. Anaogopa kwamba akiwaamkia watamwona mtoto, basi anaingia asubuhi kwa "mambo vipi" ya jumla, au anapita kimya na faili kwapani. Hapo ameshapoteza. Mwamkie kila mkubwa, mbele ya watu, kila siku: "Shikamoo mzee," "Shikamoo mama." Akiitikia marahaba, mmeshamaliza suala la heshima, na mnaweza kuingia kwenye kazi bila mtu kuwa na kinyongo. Halafu toa maelekezo yako wazi, bila kuyaficha kwenye kuomba radhi: "Mzee wangu, leo tunaanza na pampu ya pili. Ya kwanza tusiiguse mpaka umeme ukatwe." Salamu haikupunguzii mamlaka hata chembe. Kinachoyapunguza ni kukataa kusalimia kisha kutegemea utiiwe.

Na wewe kijana, mzee huyo uliyemwamkia ndiye anayesikia mlio wa mashine siku tatu kabla haijasimama. Ameishi nayo. Ila hatakuambia mbele ya watu kwamba umekosea, maana naye amelelewa kutomuaibisha aliye juu yake. Atazunguka. Atasema, "Mimi sijui, nyie wasomi ndio mnajua." Ukiisikia sentensi hiyo, simama, weka kalamu chini. Umeletewa habari mbaya kwa adabu. Mvute pembeni, umuulize kwa unyenyekevu: "Mzee, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nimeona karakana iliyookoa mota nzima kwa swali hilo moja, na nimeona nyingine iliyoiunguza kwa sababu injinia mpya aliicheka ile sentensi kama maneno ya mtu asiyesoma.

Msimamizi wa huku kwetu lazima ajue kuyapima majibu. "Sawa bosi" iliyotoka haraka mno, kabla hujamaliza kueleza, maana yake hajaelewa au hakubali. "Tutajitahidi" mara nyingi ni "haiwezekani" iliyovaa kanzu. "Haina shida" kutoka kwa dereva aliyeendesha usiku kucha inahitaji umtazame macho. Kimya cha kikundi kizima baada ya kutangaza mpango mpya ni pingamizi kamili. Ukikubali majibu hayo kama yalivyo kwa kuwa yanakupa raha, usije ukalalamika baadaye kwamba watu wako ni waongo. Walikuambia. Badala ya kuuliza "Tumeelewana?", ambalo jibu lake ni moja tu, mwombe mtu akueleze ataanzaje: "Haya, nieleze hatua ya kwanza unashika nini." Hapo utajua kama maelekezo yako yalifika.

Aliyepandishwa kutoka ndani ya kikundi ana mtihani wake wa peke yake. Jana mlikuwa benchi moja kwa mama lishe, mnamsema bosi. Leo bosi ni wewe. Wengine hukimbilia kujitenga, wanaanza kula ofisini. Wengine hung'ang'ania ushkaji kama hakuna kilichobadilika. Sioni haja ya lolote kati ya hayo. Endelea kula pale, ila maliza chakula uondoke mapema, uwaachie nafasi ya kukusema, maana watakusema na ni haki yao. Kundi la WhatsApp mlilokuwa mnataniana, jitoe kwa kuaga vizuri, ufungue lingine la kazi tu. Madeni ndiyo ya kushughulikia haraka kuliko yote. Unayedaiwa na watu utakaowasimamia, lipa kabla hujasaini barua ya cheo. Unaowadai, samehe au chukua sasa. Baada ya hapo usikope kwao, usiwakopeshe. Fundi anayekudai elfu hamsini hatakuja kukueleza kwamba umepanga ratiba vibaya, na wewe hutaweza kumwambia kwamba amechelewa mara tatu wiki hii.

Haki ni sifa ambayo kila msimamizi hujipa mwenyewe, kwa hiyo ipime kwa karatasi. Angalia ovataimu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, nazo hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kwa mtu wa kipato cha chini hiyo ni ada ya mtoto. Anayeigawa ana nguvu kubwa mkononi, na wanaomzunguka wanahesabu nani kapata na nani kakosa kuliko yeye anavyodhani. Bandika orodha ya zamu za ziada mahali pa wazi, iende kwa mzunguko, na asiyetaka zamu yake aandike mwenyewe kwamba ameiachia. Ukibadilisha jina, andika sababu mbele ya jina hilo. Watu wanaoona mizania iko sawa hawana sababu ya kukuficha mambo ili kujilinda.

Kuna uovu mmoja hapa ambao siwezi kuuzungusha maneno. Msimamizi anayemtaka mfanyakazi kimwili ili ampe zamu, mkataba au alama nzuri za tathmini anatenda jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imeitaja rushwa ya ngono waziwazi. Ukimjua mwenzako mwenye tabia hiyo ukanyamaza kwa sababu mlianza kazi pamoja, wale mabinti wanaojifungia chooni kulia wanakuhesabu naye. Na habari ya namna hiyo ndiyo huchelewa kufika kuliko zote. Mara nyingi hufika binti akiwa ameshaacha kazi.

Haki ina upande mwingine ambao karatasi haiufikii. Sheria ile ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo, katika mzunguko wa miezi 36, kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hayumo. Mama mdogo hayumo. Lakini sote tunawajua watu waliolelewa na mama mdogo tangu wakiwa na miaka miwili, wasiomjua mama mwingine. Mtu huyo akikujia ana machozi, ukamfungulia kitabu cha sheria ukurasa wa orodha, umekuwa sahihi na umempoteza. Tafuta njia: abadilishane zamu na mwenzake, akatwe siku kwenye likizo yake ya mwaka, aende bila malipo kama kanuni za ofisi zinaruhusu. Ukifanya hivyo kwa mmoja, uwe tayari kufanya kwa wote, na uandike ulichofanya ili anayefuata asitegemee hisani yako. Na kama msiba uko karibu, fika. Kaa kwenye mkeka na watu wengine, toa mchango wako kwa mweka hazina kama wanavyotoa wengine, ondoka. Hakuna semina itakayokupa ulichokipata pale.

Siri nitaisema kwa ufupi. Dereva wa foklifti anaanza dawa zinazomletea usingizi. Anajua akisema anaweza kuondolewa kwenye mashine na kupoteza posho. Atakuambia tu kama aliyotangulia kukuambia mwenzake hayakusikika kwenye foleni ya chakula. Kama yalisikika, utajua habari za dawa siku paleti itakapomwangukia mtu.

Hapa kuna atakayeniambia: mimi habari zote zinanifikia, tena mapema, nina watu wangu. Namjua msimamizi wa namna hiyo. Ana vijana wawili watatu wanaomletea kila neno jioni, nani kasema nini, nani yuko na nani, nani anatafuta kazi kwingine. Anajiona ana macho kila kona. Kwa hakika habari zinazomfikia ni za watu, si za kazi, na zimekwisha kutiwa chumvi na anayezileta kwa faida yake. Wakati huo huo wafanyakazi wengine wote wanajifunza kunyamaza kabisa, kwa kuwa hawajui ukuta upi una masikio. Mchongezi mmoja huziba midomo kumi. Akikujia mtu na maneno ya mwenzake, mwambie kwa upole: "Jambo hilo ni la kazi? Basi twende tukamwite naye aeleze mbele yako." Mara mbili tu za jibu hilo zinatosha. Atakayerudi ya tatu atakuwa na jambo la kweli.

Msije mkadhani nawasihi muwe laini. Msimamizi anayependwa kwa sababu hasemi kitu ni hatari kama anayetukana, ila hatari yake ni ya polepole. Habari mbaya inatakiwa iende na chini pia. Mtu anayefanya vibaya ana haki ya kujua siku ile ile, kutoka kwako, kwa maneno anayoyaelewa. Katika utumishi wa umma tulikuwa na OPRAS tangu mwaka 2004, mfumo uliokusudiwa kuwakutanisha mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo na kupima utekelezaji. Kwa ofisi nyingi iligeuka fomu ya kujazwa mwisho wa mwaka wa fedha kwa haraka, watu wakapeana alama nzuri ili kuepuka maneno. Sasa mfumo umehamia kwenye kompyuta. Skrini haitamwambia karani kwamba barua zake zina makosa kila wiki. Hilo ni lako. Mwambie: "Barua tatu za wiki hii zimerudishwa, hii hapa ya kwanza, tuitazame." Muda mfupi tu leo, badala ya mshangao wa Juni.

Na inapofika kwenye adhabu, fuata njia yote hata kama una hakika na kosa. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka mtu aelezwe tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kwa kawaida, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Wasimamizi wengi wanaziona taratibu hizo kuwa usumbufu wa afisa rasilimaliwatu, mpaka siku wanapoitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, wanakuta hawana barua hata moja ya onyo yenye tarehe. Lakini sababu yangu ya kuzitetea si woga wa kushtakiwa. Wafanyakazi waliobaki wanatazama. Wakiona mwenzao amesikilizwa mpaka mwisho, hata kama ameondoka, watajua kwamba hapo mtu akikosea ana mahali pa kujieleza. Wakiona ametupwa nje kwa simu moja, kila kosa litakalofuata litafichwa.

Inabaki safari ya kwenda juu, na hapo ndipo wasimamizi wengi wazuri wanapokwama. Umeletewa habari kwamba kinga ya msumeno imevunjika. Umeipeleka kwa meneja, amesema bajeti mpaka robo ijayo. Ukirudi kimya, watu watahesabu kwamba kukuambia hakuna maana. Rudi uwaambie ulichojibiwa, hata kama jibu ni baya. Mashine isimamishe kama iko ndani ya uwezo wako. Kwa meneja, rudi kwa maandishi, kurasa mbili zisizo na lawama: kilichoharibika, kinachoweza kutokea, gharama ya kukitengeneza, gharama ya siku moja ya kusimama, tarehe, sahihi. Wakubwa hawapendi manung'uniko, lakini ni wachache sana wanaoweza kuipuuza karatasi yenye hesabu. Usiwataje waliokuletea taarifa, sema ni wewe umeona, kisha uende ukaone kweli.

Mwisho wa mwaka una likizo yako ya siku 28. Ichukue yote, na simu ya kazi mwachie msaidizi wako. Kabla ya kuondoka, mpe daftari la kukabidhiana zamu, umwombe aandike kila tatizo aliloletewa, saa alipoambiwa na aliyemwambia kwa hiari yake. Ukirudi, lisome daftari hilo kabla ya barua pepe yoyote. Kama lina maandishi mengi madogo madogo, bomba linalovuja, kijana aliyechanganya rangi akasema, gari lililochelewa, mpongeze msaidizi wako na umpe zamu ya kuendesha kikao cha asubuhi wiki hiyo yote. Kama kurasa ni nyeupe, mwite mzee wa karakana, msalimie, umpe kiti, na uanze kuuliza.